Mraba wa Kompyuta Si Shamba Lako

Vuli ikikaribia, simu za wakulima wa Kibimba na kata za jirani huanza kulia mfululizo. Ujumbe mmoja unasema shamba lako litapata milimita 6.4 za mvua siku ya Jumanne. Mwingine unakuonesha kiwingu chenye matone kwa siku saba bila kukatika. Wa tatu unakupangia hadi tarehe ya kupanda maharage, tena "kwa eneo lako hasa". Wapo wanaotoza pesa kwa ujumbe huo, na wapo wanaoutoa bure ili ukanunue mbegu na mbolea kwao. Mimi nasema wote hao hawalijui shamba lako. Maneno "shamba lako" yaondolewe kwenye ujumbe mpaka mtumaji awe tayari kuandika pembeni yake ukubwa wa mraba alioutumia.

Wengi mtauliza, mraba gani tena? Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Mnauziwa kitu kilichokatwa kwa miraba, na miraba yenyewe mmefichwa.

Utabiri wa kompyuta unatengenezwa hivi. Hakuna kompyuta inayoweza kuhesabu hewa ya kila mahali. Kwa hiyo wataalamu wanaigawa dunia katika vyumba kama bao la drafti, kisha wanapanga vyumba vingine juu yake tabaka kwa tabaka hadi angani. Kila chumba kinapewa namba moja ya joto, moja ya unyevu, moja ya upepo. Kila baada ya dakika chache programu inahesabu ni nini kimetoka chumba hiki kwenda cha jirani. Ndani ya chumba hakuna kilima wala bonde, hakuna mgomba wala tingatinga la matete. Chumba kizima ni kitu kimoja, namba moja. Umbali kutoka katikati ya chumba kimoja hadi katikati ya kingine unaamuliwa na mtu anayeandaa programu, kabla hata hajaingiza kipimo kimoja cha mvua.

Nani kati yenu hajui umuhimu wa jambo hilo? Kila mwaka maafisa ugani tunawasumbua na kamba na vijiti. Mahindi sentimita 75 mstari hadi mstari, sentimita 30 shimo hadi shimo kwa mbegu moja, unapata miche karibu 18,000 kwa ekari. Ukikosea kamba siku ya kwanza, hakuna mbolea itakayorekebisha nafasi ile katikati ya msimu. Kompyuta nayo ina kamba yake. Tofauti ni kwamba kamba yako wewe unaiona.

Sasa tuipime kamba yao. Modeli kuu ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, kinachojulikana kwa kifupi ECMWF, ambayo ni miongoni mwa modeli bora kabisa duniani, ina nafasi ya kilomita 9 hivi. Ile ya Marekani inayoitwa GFS ni kama kilomita 13. Ya Wajerumani, ICON, nayo ni kama 13 kwa dunia nzima, ila wao hawatumii miraba, wanatumia pembetatu. Programu nyingi za simu zinachota kwenye visima hivyo hivyo, kisha kila moja inapaka rangi yake. Na data nyingi zinazotolewa bure hufika zikiwa zimepunguzwa hadi nafasi ya nyuzi 0.25, ambayo kwetu ni karibu kilomita 28.

Kilomita 9 kwa 9 ni kilomita za mraba 81, yaani ekari 20,000. Kilomita 28 kwa 28 ni ekari zaidi ya 190,000. Gunia la mahindi la kilo 100 lina punje kati ya laki mbili na nusu na laki tatu, kutegemea mbegu. Ekari yako moja ndani ya mraba ule mkubwa ni kama punje moja, mbili zikizidi, ndani ya gunia hilo. Halafu mtu anakuandikia 6.4. Hiyo nukta nne imetoka wapi? Imetoka kwenye kugawanya, kwa sababu kompyuta haijui kunyamaza baada ya namba nzima.

Lipo jambo jingine dogo la jiometri ambalo sisi wa karibu na Ikweta tunapaswa kulijua. Ukiigawa dunia kwa nyuzi zilizo sawa, miraba haitoki sawa kwa kilomita. Mistari inayoshuka kutoka kaskazini hadi kusini inabanana kadiri inavyokaribia ncha za dunia, na inaachana zaidi kwenye Ikweta. Nyuzi 0.25 kutoka mashariki hadi magharibi ni karibu kilomita 28 hapa Ngara, lakini kusini mwa Norwe ni 14 tu. Kwa hiyo gridi ya nyuzi inatupa sisi chumba kipana kuliko mtu yeyote, na ndisi wenye mvua inayobadilika kilima kwa kilima.

Kilima kilichosawazishwa

Mtu anayeijua Ngara anajua kwamba kwa mwendo wa saa moja kwa miguu unaweza kupanda au kushuka mita mia kadhaa. Juu ukungu, chini jua. Upande huu wa mlima umelowa, upande wa pili vumbi. Modeli yenye chumba cha kilomita 9 haioni hayo. Inachukua kilele, mteremko na bonde, inavijumlisha, inatoa wastani, na hapo vilima vyetu vinakuwa uwanda ulioinuka kidogo. Upepo unaopanda mlima na kuangusha mvua upande mmoja, kwenye kompyuta unapita juu ya uwanda bila kupanda popote.

Jambo hili unaweza kulihakiki mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Tovuti nyingi za hali ya hewa, ukifungua eneo lako, zinaandika kimo kwa mita. Mara nyingine kimo hicho ndicho modeli inachodhani, na mara nyingine wamekisahihisha kwa ramani nyingine, ila kiangalie tu. Kisha tumia programu ya ramani ya simu yako ukiwa umesimama shambani ujue kimo chako halisi. Tuseme modeli inadhani uko mita 1,350 na wewe uko mita 1,700. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo joto linalotangazwa kwako limezidi kwa nyuzi 2 na zaidi kidogo. Kwa mwenye kahawa, au kwa anayehesabu siku za maharage kukomaa, hizo si nyuzi za kudharau.

Tena msidhani kwamba chumba cha kilomita 9 kinaona kila kitu kinachozidi kilomita 9. Anayesuka mkeka anajua. Ukitaka ua litokee kwenye mkeka, unahitaji miaa kadhaa ya rangi, ukandaji mmoja hautoshi. Ua lenye upana wa mwaa mmoja ni doa tu, halijulikani ni ua au ni kosa. Modeli nazo ni hivyo. Kitu kinahitaji vyumba vitano, sita, saba hivi upana wake ndipo programu ikichore sawasawa. Kwa kamba ya kilomita 9, kinachoonekana vizuri ni kitu cha kilomita 50 na kwenda mbele. Wingu linalonyesha Kibimba na kuacha kijiji cha pili halina upana huo.

Kwa nini simu inanyesha kila siku

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo mbegu zinapopotea.

Mvua yetu nyingi inatoka kwenye mawingu ya radi. Wingu la namna hiyo linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Haliingii kwenye gridi ya kilomita 9, sembuse ya 28. Ni dogo kuliko chumba. Kwa kuwa programu haiwezi kulijenga wingu lenyewe, imewekewa kanuni ya kukadiria: unyevu ukiwa kiasi hiki na joto kiasi hiki, basi mahali fulani ndani ya chumba patanyesha kiasi fulani. Kisha mvua hiyo inatandazwa chumba kizima, kama mtu anayemimina chupa moja ya maji kwenye karai pana.

Wataalamu wa modeli wanajua tangu zamani matokeo ya kanuni hizo katika nchi za joto. Mvua inanyesha mara nyingi mno, kidogo kidogo mno, na mapema mno, mara nyingi mchana, wakati mvua halisi ya nchi kavu huku kwetu hupenda kuja alasiri na jioni kwa kishindo. Hawafichi. Wanaandika wenyewe katika taarifa zao. Anayeficha ni yule wa kati anayeipakia namba kwenye simu yako.

Chukua mfano. Simu inasema milimita 4 kila siku kwa siku saba. Jumla 28. Shambani kinachoweza kutokea ni milimita 28 kwa saa moja siku ya Alhamisi kwenye tuta lako, na kwa jirani wa ng'ambo ya bonde sifuri. Au kinyume chake. Wastani wa chumba uko sawa kabisa, kompyuta haijakosea hesabu. Lakini mbegu ya maharage haioti kwa wastani wa ekari 20,000. Aliyepata 28 udongo wake umebebwa kama hakuweka makinga maji. Aliyepata sifuri, kama alitia mbegu na DAP Jumatatu kwa kuamini wiki ya mvua, anangoja. Na akipata manyunyu ya kuchipusha tu halafu jua likashika, mbegu inachipua na kufa, na duka la pembejeo halimrudishii hela.

Mfanyabiashara naye asijitoe. Aliyeanika maharage kwenye turubai na kuyafunika siku nne mfululizo kwa sababu ya kiwingu cha simu, akayakuta yamepata joto na ukungu, ameumizwa na mraba ule ule.

"Sasa wana miraba midogo"

Nikisema haya najibiwa kwamba teknolojia imeenda mbele. Ni kweli imeenda. Katika mradi wa HIGHWAY wa kanda ya Ziwa Victoria, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ilitumika modeli ya Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza yenye nafasi ya kilomita 4.4. Kwenye nafasi hiyo programu inaanza kuacha kanuni ya kukadiria na kujenga dhoruba yenyewe. Dhoruba inapanda, inaangusha mvua kubwa, inasukuma upepo, inahama. Kwa wavuvi wa ziwani, ambako dhoruba za usiku zinaua watu kila mwaka, hilo ni jambo la kushukuru.

Lakini mkulima asikubali kuuziwa hicho kama uhakika wa shambani. Modeli ya namna hiyo inaweza kukupa dhoruba yenye ukubwa sahihi, saa karibu na sahihi, na kuiweka kilomita 15 au 20 kando. Kwa mtoa tahadhari wa mkoa huo ni ushindi. Kwa wewe mwenye ekari mbili, imekupita.

Na kwa nini wasiende kilomita 1, au mita 100, tumalize ubishi? Kwa sababu ya gharama. Ukipunguza nafasi kwa nusu, vyumba vinakuwa mara mbili upande huu na mara mbili upande ule. Siyo hivyo tu. Vyumba vikiwa vidogo, upepo unavivuka haraka zaidi, kwa hiyo lazima programu ihesabu kwa hatua za muda zilizo fupi, nazo mara mbili. Sharti hilo lilielezwa na wanahisabati watatu, Courant, Friedrichs na Lewy, mwaka 1928, kabla kompyuta hazijakuwepo. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Kazi mara nane kwa kupunguza kamba nusu, na hapo hujaongeza matabaka ya juu. Kutoka kilomita 8 hadi kilomita 1 ni nusu tatu, yaani kazi mara 512. Mtu anayekutumia mvua ya shamba kwa shilingi mia chache hana umeme wa kuendesha hesabu hiyo.

Anafanya nini basi? Anachukua namba za vyumba vikubwa vinne vinavyokuzunguka, anachora mteremko laini kutoka moja hadi nyingine, anasoma mteremko huo mahali ulipo. Ni sawa na kujua bei ya maharage Ngara mjini na bei ya Biharamulo, kisha kutangaza bei ya kila kijiji kilicho njiani kwa kupima umbali tu, bila kukanyaga gulio hata moja. Namba itatoka kwa kila kijiji, nzuri, yenye nukta.

Mfanyie jaribio. Fungua programu hiyo, weka alama kwenye shamba lako, andika namba. Sogeza alama kilomita moja, andika. Tena na tena, mara kumi hivi kuelekea upande mmoja. Namba zikibaki zile zile halafu ghafla zikaruka, umevuka mpaka wa mraba. Zikibadilika polepole kwa hatua sawa, kama ngazi iliyopigwa randa, basi huo ni mteremko wa kuchora. Vilima vyetu havina hatua sawa.

Upande wa udongo udanganyifu unageuka kinyume. Huko mraba ni mdogo mno. Zipo ramani za udongo za Afrika nzima zenye mraba wa mita 30, na watu wanazitumia kukuambia uweke mbolea kiasi gani. Mraba wa mita 30 ni mdogo kuliko robo ya ekari, unavutia. Lakini ramani hizo zimejengwa kwa sampuli za udongo laki moja na ushei kwa bara zima. Bara lina kilomita za mraba kama milioni 30. Gawanya: sampuli moja kwa karibu kilomita za mraba 300 kwa laki moja kamili, pungufu kidogo kwa ushei. Nafasi zote zilizobaki zimejazwa na kompyuta kwa kulinganisha picha za setilaiti, mteremko na mvua. Ni kazi nzuri ya kisayansi kwa mtu anayepanga mambo ya nchi. Wewe chimba udongo wako upeleke ukapimwe. Udogo wa chumba na ukweli uliomo ni vitu viwili.

Lewis Fry Richardson, Mwingereza aliyechapisha mwaka 1922 kitabu cha kwanza cha kutabiri hewa kwa hesabu za miraba, alilijua hili mapema kuliko wauzaji wa leo. Mwanzoni mwa kitabu chake aliweka ramani ya bao la drafti ikionesha namna vituo vya kupima vingepangwa ili viendane na miraba. Kwake chumba na kituo vilikwenda pamoja. Leo vyumba vinaongezeka kila mwaka, na vituo Afrika ni haba: Shirika la Hali ya Hewa Duniani limesema mtandao wetu wa vituo vya nchi kavu ni kama sehemu moja ya nane tu ya kiwango cha chini kinachotakiwa.

Mamlaka haijidai

Watu huwacheka TMA. Wanasema, "Hao wanataja Kagera nzima kwa mpigo, watanisaidia nini?" Mimi nawatetea kwa jambo hilo hilo wanalochekwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa vuli au masika inasema ukanda wa Ziwa Victoria, inataja mikoa, inasema mvua zinatarajiwa chini ya wastani, za wastani au juu ya wastani. Inataja kitu chenye ukubwa inaoweza kuuona. Katika mkoa wetu mvua ya mwaka inaanzia milimita 800 hivi sehemu kavu hadi 2,000 upande wa Bukoba, na anayekuambia "Kagera" hajakuambia milimita za shambani kwako, wala hajajifanya amekuambia. Anayepaswa kuchekwa ni yule anayechukua utabiri wa ukubwa huo, anautia jina lako na la kitongoji chako, anautoza.

Maafisa ugani wenzangu nao niwaambie. Tunasambaza picha hizo kwenye makundi ya simu bila hata kuuliza zimetoka modeli gani. Mkulima akipoteza mbegu anasema "bwana shamba alituma", na ana haki.

Bima ndipo mraba unapouma zaidi

Zipo bima za mazao ambazo haziji kukagua shamba. Zinaangalia kipimo cha mvua kilichokadiriwa kwa setilaiti. Kikishuka chini ya kiwango, wote waliomo kwenye mraba wanalipwa, kisiposhuka hakuna anayelipwa. Sizipingi. Kukagua kila ekari kungefanya bima iwe ghali kuliko mavuno. Lakini data inayotumiwa sana kwa kazi hiyo, iitwayo CHIRPS, ina miraba ya nyuzi 0.05, kama kilomita 5.5 kila upande, yaani ekari 7,500 hivi. Mvua ya radi ikipiga kona moja na kuacha tatu, mraba unaweza kusomeka umelowa, na wewe wa kona kavu ukaambiwa msimu ulikuwa mzuri.

Wakala atakuambia hiyo ni bahati mbaya. Mimi nasema nusu yake ni bahati mbaya, na nusu ni ukimya. Ulitia saini karatasi isiyoonesha mraba wako unaanzia wapi. Mipaka ya miraba haikufuata mto wala njia wala mpaka wa kijiji. Imefuata mistari ya nyuzi. Inaweza kukata kitongoji katikati, majirani wawili wenye mpaka mmoja wa migomba mmoja akalipwa na mwingine asilipwe. Hilo lingesemwa siku ya kuuza, mkulima angeweza kuamua: akate bima, aache, au ashirikiane na wa upande wa pili kugawana. Kulijua siku ya fidia ni ugomvi kijijini.

Kwa hiyo ninachodai si kikubwa. Kila ujumbe wa mvua unaotaja shamba uandike nafasi ya gridi kwa kilomita, herufi tatu tu za nyongeza. Useme nafasi ya kunyesha, mfano mara 4 kati ya 10, badala ya kiwingu. Kila mkataba wa bima ya mraba uwe na ramani yenye majina ya vitongoji vilivyomo. Tunaambiwa mkulima hataelewa. Mfanyabiashara wa kijijini akinunua mahindi anachukua bambo, anachoma gunia juu, katikati na chini kwa sababu anajua kiganja kimoja cha juu hakisemi habari za gunia zima. Mkulima anayemuuzia anajua hivyo hivyo, ndiyo maana anamwangalia mkono. Watu hao wataelewa mraba. Labda kinachoogopwa ni kwamba wataelewa.

Wapo pia watakaofurahia maandiko haya na kusema basi simu zitupwe, turudi kwa ndege na maua ya miti. Hapana. Chumba kikubwa kinaona vizuri mambo makubwa: kama wiki hii ukanda mzima unaelekea kulowa au kukauka, kama mkanda wa mvua umeshuka kutufikia, kama upepo umegeuka. Hayo kilima chako hakiwezi kukuonesha. Yasikilize kwa ukubwa huo, na tahadhari za TMA za rangi ya njano, machungwa na nyekundu usizipuuze kamwe. Ila uamuzi wa kutia mbegu ardhini ufanywe na kitu kilicho shambani.

Kitu hicho ni kipima mvua, na hakihitaji pesa. Tafuta chupa ya lita moja na nusu yenye pande zilizonyooka. Ikate pale shingo inapoanza kusinyaa. Tia changarawe chini ili isipeperushwe, mimina maji mpaka yafike sehemu iliyonyooka, weka alama ya sifuri. Geuza ile shingo uliyoikata, iingie kama mrija wa kumiminia. Simika mahali pa wazi. Kama kuna mti au nyumba, kaa mbali angalau mara mbili ya urefu wake. Pima kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, andika, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, au lita 4,000 na kidogo kwa ekari.

Ukiona zimekusanyika milimita 20 ndani ya siku mbili tatu, na jembe likionesha udongo umelowa kina cha sentimita 15 hivi, na utabiri wa ukanda mzima ukisema unyevu unaendelea, panda. Moja kati ya hayo matatu likikosekana, ngoja, au panda sehemu tu.

Chupa moja kwa kijiji haitoshi, maana hapo mtakuwa mmetengeneza mraba wenu wenyewe. Wekeni tatu: juu kileleni, katikati ya mteremko na bondeni. Shule ya msingi ikikubali kushika moja, vizuri zaidi, watoto hawasahau saa 3. Kwenye daftari chora safu mbili, moja ya chupa na nyingine ya ujumbe wa simu wa siku ile ile. Msimu ukiisha mtakuwa na siku zaidi ya 100 za kulinganisha. Wakala wa ujumbe au wa bima akija kwenye mkutano wa kijiji, mpeni kiti, mwoneshe daftari, halafu mpe fimbo achore mraba wake pale chini mbele ya watu, ataje unaanzia kitongoji gani na unaishia kipi.